Jani la Mzigo

Kwihara, Tabora
15 Januari 2023

Mpwa wangu Consolatha,

Tumsifu Yesu Kristu. Karatasi hii ikukute mzima kama inavyoniacha mimi mjomba wako Raymundi Mahona, kifua mbele, meno yote mdomoni isipokuwa lile la mwaka jana. Najua Sista Mlezi anasoma barua kabla yako, kwa hiyo na yeye nampa salamu yake hapa hapa: Sista, shikamoo, mimi ndiye yule mjomba.

Ningekupigia simu tukamaliza mambo kwa dakika mbili, ila nyie wanovisi mmenyang'anywa simu kama mahabusu. Si neno. Mwandiko wangu unajulikana kata nzima. Mwalimu wetu wa darasa la sita, darasa nililoishia kwa hiari yangu mwenyewe, alisema akiutazama mwandiko huu anasikia harufu ya ofisi.

Huku mvua ni nyingi, mahindi yamenipita kimo. Mbuzi wa mwisho amezaa watatu, wote majike. Jirani yetu Zuena anakusalimu, anasema ukija na ile shela kichwani hatakutambua. Na Bibi yako Nyamizi, mama yangu, ni mzima kama reli. Leo asubuhi kanigombeza kwa sababu ya chumvi. Kaniambia nikuandikie hivi: "Mwambie mjukuu wangu mpendwa Consolatha kwamba nampenda sana na ninamwombea." Maneno yake hayo, sijaongeza hata nukta.

Sasa tuje kwenye jambo lako. Umeandika kwamba umepewa kutunza bustani ya dawa ya masista, na unataka kujua ya Bibi ilianzaje na kila mmea unaitwaje. Umemuuliza mwenyewe hasa.

Babu yetu Bundala alikuwa mpagazi. Wengine walibeba shanga na vitambaa. Yeye alibeba pembe za ndovu. Pembe ambayo watu watatu waliinua wakaishusha wakashika viuno, Bundala aliitupia bega la kushoto. Mkono wa kulia alishika kibuyu kilichojaa udongo, na kwenye udongo mzizi wa nanaa, aliopewa Bagamoyo na Mwarabu mmoja baada ya kumwangusha mieleka. Walipoingia Mgunda Mkali, siku sita hakuna maji, watu wanalamba umande kwenye mawe, Bundala anakunywa funda moja na funda la pili anaupa ule mzizi. Msimamizi wa msafara akamfokea: "Wewe, unanywesha kibuyu?" Akamjibu: "Mimi na huyu tumeajiriwa pamoja."

Akafika Kwihara, akauchomeka nyuma ya nyumba, pale pale ilipo bustani leo. Ndiyo nanaa ya kwanza Unyamwezi nzima. Wanaokuambia nanaa na mrehani vililetwa na Waarabu, waulize: na aliyewabebea ni nani?

Shubiri ya kona unaikumbuka. Hiyo ndiyo Bibi alijipaka kifuani kuniachisha ziwa. Nikaonja, nikakunja uso, nikaendelea kunyonya. Miaka mitatu na nusu. Ndiyo maana mimi kuchoka sijui.

Majina mengine nitakuandikia. Ninayo yote kichwani, shina kwa shina, ila Bibi siku hizi ana mambo mengi na sipendi kumsumbua.

Kaa kwa amani, huku kuna mwanamume.

Mjomba wako,
Raymundi Mahona


Njombe
26 Februari 2023

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na ya Bibi mfikishie mkononi. Barua yako ilifika tarehe tisa, lakini sisi tunaruhusiwa kuandika Jumapili ya mwisho wa mwezi tu, ndiyo maana nimekungojesha. Mimi sijambo. Baridi ya huku sijaizoea hata baada ya miaka miwili. Naamka vidole vimekufa ganzi na kazi ya kwanza ni kumwagilia. Hongera kwa mbuzi.

Sista Demetria, Mlezi wetu, alinipa barua yako. Mezani ndipo alipomgeukia novisi mwenzangu Niyokwizera, ambaye ni mtu wa Ulyankulu, huko huko kwetu Tabora: "Huko upande wenu watoto wanaachishwa ziwa wakiwa darasa la ngapi?" Tulicheka mpaka uji ukapoa.

Bustani tuliyopewa ni ya zamani. Masista wa kwanza waliokuja kutoka Ulaya waliipima kwa kamba kabla kanisa halijaezekwa. Kwao nyumba ya watawa isiyo na bustani ya dawa ilikuwa bado haijawa nyumba. Zahanati haikuwepo, wala duka. Mtu akibisha mlangoni anaumwa, alipewa kilichokuwa kimeota. Vitalu ni vya mraba, na njia mbili za matofali zinapita katikati kama msalaba. Rozmari ya kifua iko upande wa jua, kamomili ya matumbo ya watoto iko karibu na jiko ili ichumwe upesi. Daftari lao tunalo bado. Kila mmea umeandikwa jina, ulikotoka, na nani aliuleta.

Sista Demetria ana desturi moja. Novisi akikaribia nadhiri analeta mmea wa kwao, anaupanda kwenye kitalu chake, anauandika kwenye daftari. Niyokwizera kaleta mchaichai wa mama yake. Changu bado ni udongo mtupu. Mimi nataka jani la mzigo.

Unalijua. Bibi alinisimulia kwamba wanawake wa Kwihara walilipanda nyuma ya nyumba kwa ajili ya wapagazi. Msafara ukifika, mabega yamechubuka, jani linasagwa, wanapakwa, na hakuna aliyetozwa. Aliyepata nafuu aliacha kitu cha alikotoka: mbegu, kipande cha mzizi, konzi ya chumvi. Ndivyo bustani ilivyojaa. Bundala na kibuyu chake Bibi hakunitajia, labda alisahau.

Nitumie mzizi, au hata majani makavu kwanza niwaonyeshe. Afunge Bibi mwenyewe kwa ile kamba yake ya gome la myombo.

Mjomba, nisikilize hapa. Nadhiri ni tarehe 15 Agosti, na barua ya kuziomba lazima Sista Demetria awe nayo kabla Juni haijaisha. Tangu mama yangu Magreth afariki, Bibi ndiye mama yangu, na niliondoka nikamwacha mikononi mwako. Kama ananihitaji niambie sasa, nikiwa bado sijaandika. Nikishaweka nadhiri nitakwenda nitakakotumwa, si ninakotaka.

Halafu kuna kitu kimenikaa. Bibi hajaniita "mjukuu wangu mpendwa" hata siku moja. Mimi ni mke mwenzake, na akishaniita hivyo huwa linafuata tusi. Yu mzima kweli?

Mpwa wako,
Consolatha


Kwihara
3 Aprili 2023

Mpwa wangu,

Marahaba. Tumsifu Yesu Kristu. Sisi wote wazima, mahindi yanakauka vizuri, mbuzi mmoja kati ya wale watatu alikuwa dume, nilihesabu vibaya kwa sababu ya furaha. Zuena bado anakusalimu.

Nimechelewa, najua. Sababu ni fisi.

Alikuja alfajiri, wiki ya pili ya Machi, mvua inanyesha. Akasukuma mlango wa uani akatoka nje. Namaanisha akaingia, kisha akatoka. Nikamfuata peku, bila shati la ziada, tochi imelowa. Fisi anakwenda barabara ile ile ya zamani kama aliyeagizwa, hageuki nyuma. Nikamfuata Kwihara mpaka Isevya, mjini! Watu wanafungua madirisha, wanauliza, "Raymundi, kuna nini?" Nikasema hakuna kitu, laleni. Nilimkuta kwenye kibanda cha muuza mkaa, amekaa juu ya magunia, anatetemeka hata nikamwonea huruma. Nikamvika shati langu. Nikamrudisha mpaka nyumbani, hakuning'ata wala hakupiga kelele. Miguu yangu ilivimba siku nne. Mtu mwingine angekufa, lakini mimi kuchoka sijui.

Kuhusu Bibi unajisumbua bure. Nilipomsomea barua yako alicheka akasema: "Mke mwenzangu huyo, mwizi wa sukari, miguu kama mwiko, mwambie nimemkumbuka!" Umesikia? Tusi lipo.

Ndani ya kifurushi kuna jani la mzigo. Nimelisaga kidogo ili lisichukue nafasi kwenye basi. Bibi kafunga kwa mkono wake. Mzizi utafuata mvua zikipungua, maana mzizi wa dawa hauchimbwi ardhi ikiwa imelowa, hiyo ni sheria ya tangu Bundala.

Andika barua yako ya nadhiri, mwanangu. Kalamu isikutetemeke kwa ajili ya huku.

Mjomba wako,
R. Mahona


Njombe
30 Aprili 2023

Mjomba,

Shikamoo. Pole na miguu. Sisi hatujambo, tumemaliza kupalilia, na juzi tumemzika sista mmoja mzee sana aliyekuwa akijua daftari lote kwa kichwa. Kuna mimea mitatu sasa hakuna anayejua kazi yake. Tunaimwagilia tu.

Kifurushi kilifunguliwa jikoni, mbele ya wote. Niyokwizera hakuinama hata kuangalia. Alikuwa amesimama mlangoni na ndoo, akasema, "Konso, hiyo ni tumbaku."

Nikamwambia acha utani.

"Nimeifunga kwenye fito tangu nina miaka saba. Nikiota ndoto mbaya inanuka hivyo hivyo. Ni tumbaku, tena ya majani ya chini."

Sista Demetria alipiga chafya tatu. Akauliza, "Ndiyo jani la mzigo? Mzigo wa nani?" Sista wa jikoni akaomba abakiziwe kidogo kwa ajili ya pua yake.

Nilicheka nao, Mjomba, kisha nikaenda kukaa kwenye kitalu changu kitupu.

Na kamba je? Bibi anafunga kwa mkono wa kushoto. Fundo lake ni moja, mkia unaingia chini na kutokea kushoto. Nimeliangalia tangu nikiwa mtoto mgongoni mwake. Hili limefungwa na mtu wa mkono wa kulia, mara nne, kama anayefunga mbuzi.

Sikukasirika. Sina hata nguvu za kukasirika. Nakuomba jibu la swali moja, ndiyo au hapana: Bibi bado ananifahamu?

Usinitumie fisi.

Consolatha


Kwihara
14 Mei 2023

Consolatha,

Salamu zote.

Mimi, Raymundi Mahona, mtu ambaye mnada wa Nzega unasimama nikianza kusimulia, leo napimwa kwa fundo la kamba! Na mtoto niliyembeba shingoni kwenda kubatizwa! Tumbaku inaweza kuangukia popote, upepo wa huku wewe unaujua. Kwani hao masista wamesomea pua?

Nani anaamka saa kumi kamili kuweka uji? Nani anachota, anafua mashuka kila siku, anatembea na funguo shingoni kama mlinzi wa benki? Si mimi? Nimewahi kulalamika? Nimewahi kukuomba kitu? Mimi siombi mtu. Waulize Kwihara nzima kama wamewahi kuniona nimekaa chini mchana.

Ananiita. Tutaongea.

R.M.


Njombe
28 Mei 2023

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima.

Mashuka kila siku?

Siku yangu nyingine ya kuandika ni tarehe 25 Juni. Siku hiyo nitaandika barua moja tu, ama ya kuomba nadhiri, ama ya kuomba kuja nyumbani. Ukinyamaza nitaandika ya nadhiri, kwa sababu umenifundisha kukuamini.

Mpwa wako


Kwihara
13 Juni 2023

Mpwa wangu Consolatha,

Leo salamu nitaziweka mwisho. Nikianza nazo nitapotelea humo, najijua.

Jibu ni hapana. Hakufahamu. Hanifahamu na mimi.

Ilianza mwaka jana karibu na Pasaka. Kwanza alikuwa anaweka chumvi mara mbili. Kisha akaniita kwa jina la baba yangu. Kisha hakuniita kwa jina lolote. Nikisema mama, mimi Raymundi, ananiangalia kwa adabu, kama mtu aliyepita kuuliza njia. Nilifunga mlango wa uani kwa kufuli, funguo nikazivaa shingoni.

Fisi hakuwepo. Alikuwa mama. Siku ile nilisahau kufunga. Lakini shati lilikuwa la kweli, na miguu ilivimba kweli.

Maneno niliyoandika kwamba kayasema, niliyatunga mezani. Lile la sukari Zuena alinisaidia.

Utauliza kwa nini. Ulipoondoka ulikuwa unacheka, nakukumbuka pale stendi. Nikasema nyumba hii iwe na mtu mmoja anayemaliza alichokianza. Mimi darasa la sita sikuliacha kwa hiari. Baba alikufa mwezi wa tatu, ng'ombe walikuwa kumi na mmoja, na mwanamume nilikuwa mimi. Mwalimu hakusema chochote kuhusu mwandiko wangu. Hakuna aliyesema chochote.

Na bustani sikuwahi kuonyeshwa. Unajua mama alivyofanya: anatembea na mtu mmoja asubuhi, anagusa jani, anasema jina, na wewe unagusa baada yake. Usipogusa baada yake hukuonyeshwa. Aliyekuwa nyuma yake ni wewe, na kabla yako mama yako. Mimi nilikuwa minadani nikisimulia habari za Bundala. Mwaka jana nilipalilia bustani yote siku moja ili ipendeze, nikang'oa nisivyovijua, nikavichoma. Nikaamini jani la mzigo nimelichoma kwa mikono yangu. Ndipo nikatuma tumbaku. Nilisema watu wa Njombe watajuaje.

Sasa sikiliza, na hii si hadithi.

Ijumaa iliyopita nimetoka mashineni na gunia la unga begani. Nikapita nyuma kwa sababu mbele tumeanika mahindi. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka juani. Nikashusha gunia, nikasimama hapo nikihema. Akaangalia gunia, kisha bega langu. Akasema, "Karibu, mgeni. Mnatoka pwani?"

Nilitaka kusema mama, ni mimi. Nimeshasema hivyo siku nyingi mno, Consolatha. Nikasema, "Ndiyo, mama. Tunatoka pwani."

"Mko wengi?"

"Wengine wako nyuma."

Akainuka. Bila fimbo! Wiki nzima nilikuwa namwinua mimi. Akaenda nyuma ya bafu, pale maji ya kuogea yanapotokea, mahali ambapo sikupalilia kwa sababu ya harufu. Akatenganisha majani, akapitisha mkono katikati ya magugu kama anayechukua kitu kwenye kabati lake mwenyewe. Akachuma, akanusa, akatafuna, akatema kwenye kiganja.

"Vua shati," akaniambia.

Nikavua. Mtu wa miaka hamsini na minne. Akanipaka bega la kulia, kisha la kushoto, taratibu, anazunguka zunguka na kidole gumba pale kamba ya gunia ilipokata. Akasema, "Nani amekubebesha peke yako?"

Mimi, ambaye kuchoka sijui. Mimi! Nilikaa chini kwenye vumbi mchana kweupe na Zuena aliniona.

Alipomaliza akaniambia, "Na wewe utaacha nini?" Nikakumbuka barua yako, kwamba aliyepona aliacha kitu. Nilikuwa na limau mfukoni. Nikampa. Akachimba kwa kidole, akalifukia zima zima.

Tangu siku ile kila asubuhi nazunguka nyumba, najitwika gunia la pumba, naingia kwa mlango wa nyuma. Jumamosi nilikuwa mtu wa Bagamoyo. Jumapili, baada ya misa, nilikuwa mtu wa Ujiji, nikamwambia kuhusu samaki wa huko wanaoimba, akasema mwongo wewe, akacheka. Consolatha, kacheka. Jumatatu nilikuwa Mgogo nimeleta chumvi. Mgeni akishapakwa anatembezwa bustanini. Anagusa, anasema jina, na mimi nagusa baada yake. Majina tisa ninayo sasa, nimeyaandika nyuma ya karatasi hii na kazi zake: kivumbasi cha kufukuzia mbu, pakanga ya homa, mbono wa kukandia, na mengine utasoma. Mengine akifika anasimama tu, anaondoa mkono. Hayo nadhani yameshakwenda. Hakuna siku aliyonijua. Ila mgeni anamjua, anampokea vizuri kuliko alivyowahi kunipokea mimi.

Mchana mambo yanageuka. Analia, anataka kwenda kwao, na kwao ni hapa. Usiku naweka kitanda changu mlangoni ili akitoka anikanyage.

Ndani ya kifurushi kuna mzizi wa jani la mzigo. Kachimba mwenyewe, kafunga mwenyewe kwa gome la myombo. Fundo sikuligusa. Pikipiki leo hazikufika huku kwa sababu ya msiba, na basi la Mbeya haliningojei, kwa hiyo nitautia kifuani niupeleke mjini kwa miguu. Lilowe shati langu lakini wenyewe usikauke. Ukidhani naongeza chumvi muulize Zuena, ndiye anayebaki naye.

Nilikusudia kuandika usije. Nimeandika mara mbili, nikachana. Kuandika njoo mkono haukubali, haujawahi kuomba. Basi nitaandika kile kinachoandikika.

Nimechoka, mpwa wangu.

Salamu ni hizi: mbuzi wazima, mahindi tumevuna, Zuena anakusalimu. Sista Mlezi, shikamoo, na samahani kwa tumbaku.

Raymundi


Njombe
25 Juni 2023

Mjomba wangu,

Shikamoo. Shikamoo tena.

Mzizi ulifika Jumamosi ya wiki iliyopita, mbichi, una macho mawili yameanza kuchomoza. Fundo linatazama kushoto. Nimekata kamba pembeni nisilifungue, ninalo kwenye kitabu changu cha sala.

Barua yako nilimpa Sista Demetria aisome mara ya pili, safari hii mbele yangu. Aliposoma pale pa gunia la pumba alivua miwani. Nikamwambia naomba mwaka mmoja, nadhiri zingoje. Nilikuwa nimejiandaa kubishana. Akasema, "Masista waliopima bustani hii waliipima kwa ajili ya mgonjwa aliyebisha mlangoni. Wako hawezi kutembea mpaka Njombe. Nenda." Kisha akasema kitalu ni changu, Niyokwizera atakimwagilia, na baada ya mwaka mmoja nitakuja kumwambia mwenyewe kama narudi au la. Mimi pia sijui, Mjomba. Naliacha hivyo.

Nafika Tabora Jumamosi tarehe nane Julai kwa basi la Mbeya. Usije stendi, nani atabaki naye? Nitaingia kwa mlango wa nyuma. Mwambie Bibi kuna mpagazi mwingine yuko njiani, wa kike, miguu kama mwiko. Na siku hiyo wewe utalala kwenye chumba chenye mlango uliofungwa, mpaka jua likuamshe.

Leo baada ya misa nimeupanda. Sista Demetria akanipa daftari, nikaandika: Jani la mzigo. Kazi yake, mabega. Linatoka Kwihara, Tabora. Mstari wa mwisho ni wa aliyeuleta. Nilianza kuandika jina la Bibi, kalamu ikasimama.

Nimeandika: Raymundi Mahona, kwa miguu.

Mpwa wako,
Consolatha